Bima yenye HSA na akiba ya benki: pesa ikae wapi?

Swali: Habari za kazi, mshauri. Niko Columbus, Ohio, nahudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo, nina mke na mtoto mmoja. Kazini tumeambiwa tuchague bima ya afya ya mwaka 2026. Ya kwanza nitakatwa dola 180 kila wiki mbili, na najilipia matibabu hadi dola 1,500 kabla bima haijaanza kuchangia. Ya pili nitakatwa dola 110, ila najilipia hadi dola 4,000. Hiyo inakuja na akaunti ya HSA, yaani akiba ya matibabu isiyokatwa kodi, na mwajiri anaweka humo dola 750. Ukomo wa kutoa mfukoni kwa mwaka ni dola 6,000 kwa ya kwanza na 8,000 kwa ya pili. Mke wangu anafanya kazi shuleni na kule kwao ana FSA, mfuko wa kazini wa kulipia matibabu kwa pesa isiyokatwa kodi. Benki nina dola 6,000 kwenye akaunti ya akiba inayotoa riba ya asilimia 0.01. Nizihamishie HSA, nizifungie kwenye CD (amana ya muda maalumu), au niziache zilipo? Halafu, HSA inaweza kumtibu mama yangu aliyeko Morogoro?

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na FSA ya mke wako. Umeitaja kwa kupita tu, lakini ndiyo inayoweza kukuvurugia kila kitu.

Sheria ya Marekani hairuhusu mtu kuchangia HSA akiwa na kinga nyingine inayomlipia matibabu kabla hajamaliza kile kiwango cha kujilipia. FSA ya kawaida ya mke hulipia matibabu ya mume pia, kwa hiyo inahesabiwa kuwa kinga yako hata kama hujawahi kuigusa. Akijiandikisha tena mwaka 2026, wewe huna ruhusa ya kuweka hata senti, na zile 750 za mwajiri zitakuwa mchango usio halali ambao utalazimika kuurekebisha kwa watu wa kodi.

Basi asijiandikishe tena, au achague ile FSA ya meno na macho tu, ambayo haina shida. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Baadhi ya waajiri huruhusu salio la FSA livuke mwaka. Zikivuka hata dola 20 kuingia FSA ya kawaida ya 2026, umefungiwa HSA mwaka mzima. Wengine hawavushi salio, bali huongeza muda wa kulitumia hadi Machi 15; hapo mkeo akikutwa na salio mwaka ukiisha, unafungiwa hadi Aprili 1. Awaulize HR (ofisi ya utumishi) wa kwao wanafuata utaratibu upi, na salio alimalize kabla ya Desemba 31: miwani, meno, dawa.

Hilo likishasafishwa, tuje kwenye bima yenyewe, maana HSA huwezi kuichagua peke yake kama unavyochagua akaunti ya benki. Inafuata bima. Kwa mwaka 2026 bima ya familia ya kazini inayokubalika lazima iwe na kiwango cha kujilipia kisichopungua dola 3,400, na yako ya pili inafika.

Piga hesabu. Makato yanatofautiana dola 70, mara malipo 26, ni dola 1,820 kwa mwaka. Ongeza 750 za mwajiri, unapata 2,570. Sasa chukua mwaka mbaya: kiwango cha kujilipia kinazidi kwa dola 2,500, na ukomo wa mwaka unazidi kwa 2,000. Zote mbili hazifiki 2,570. Maana yake hata mkiugua sana, bima ya pili haikutii hasara, na mwaka wa afya njema inakuachia zaidi ya dola 2,500. Chanjo za mtoto na uchunguzi wa kila mwaka hulipwa na bima zote mbili bila kugusa kiwango hicho, mradi uende kwa madaktari walio kwenye orodha yao. Kwa namba ulizonipa, ningechagua ya pili. Zingekuwa namba za mwajiri mwingine, huenda ningesema kinyume.

Shida ya bima ya pili ni ratiba ya pesa. FSA hukupa kiasi chote ulichoahidi tangu siku ya kwanza. HSA haikopeshi, ina kile tu kilichokwisha kuingia. Mtoto akilazwa Januari 20, bili ya dola 4,000 itakuja wakati HSA ina makato ya mshahara mmoja au miwili. Ndiyo maana zile dola 6,000 zako usizihamishie HSA zote wala usizifungie zote.

Dola 4,000 ziwe pesa za kukaa tayari, lakini si hapo zilipo. Kwa asilimia 0.01, dola 6,000 zinazaa senti 60 kwa mwaka. Senti, si dola. Akaunti ya akiba ya benki ya mtandaoni inayotoa asilimia 4 ingekupa dola 240 kwa pesa hizo hizo. Linganisha namba iliyoandikwa APY, yaani riba halisi ya mwaka, soma kama riba hiyo ni ya miezi ya mwanzo tu, na angalia ada ya kila mwezi. Hakikisha pia ni benki yenye bima ya FDIC, shirika la serikali la kulinda amana, ambayo hulinda hadi dola 250,000, au chama cha akiba na mikopo chenye bima ya NCUA, inayofanya kazi hiyo hiyo kwa vyama. Programu ya simu yenye jina zuri si benki. Mwaka 2024 kampuni ya Synapse, iliyokuwa katikati ya programu kama hizo na benki, ilifilisika, na watu wengi walishindwa kuzifikia akiba zao kwa miezi.

Zile 2,000 zilizobaki unaweza kuzifungia CD ukipata riba iliyo bora kweli, ukijua kuzitoa kabla ya muda kunakula sehemu ya riba. Mimi ningezitumia kwa njia nyingine: mwambie mwajiri aongeze makato ya HSA kwenye mshahara, halafu pengo la matumizi ya nyumbani ulizibe kwa hizo 2,000. Ukiweka HSA kutoka benki, unapunguziwa kodi ya mapato peke yake. Yakikatwa kwenye mshahara, unaepuka pia ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, mifuko ya serikali ya pensheni na ya matibabu ya wazee. Kwa mtu wa daraja la kodi ya mapato la asilimia 12, kila dola 100 inabaki 100, badala ya 80 na kidogo. Ile tofauti ya dola 70 nayo iende HSA moja kwa moja. Mshahara unaoupokea hautabadilika. Ukomo wa kuchangia HSA kwa familia mwaka 2026 ni dola 8,750, mchango wa mwajiri ukiwemo, na salio halifutiki mwaka ukiisha.

Kuhusu mama: hapana. Pole. HSA hulipia wewe, mkeo na wategemezi wanaokubalika kisheria, na mzazi asiye raia wa Marekani wala mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko hakubaliki, hata kama wewe ndiye unayemlisha. Ukitoa pesa za HSA kumtumia, utalipa kodi ya mapato na faini ya asilimia 20 juu yake. Mtumie kutoka akaunti ya akiba. Lakini ninyi wenyewe mkienda likizo, na mtoto akatibiwa malaria hospitali ya Morogoro, gharama hiyo HSA inailipa. Omba risiti yenye jina la mtoto, tarehe, huduma na kiasi cha shilingi, uihifadhi pamoja na karatasi zako za kodi.