Jibu: Nimwandikie nini mtu aliye mahabusu ya uhamiaji Uingereza?

Dada, pole. Umeuliza umwandikie nini mtoto wa shangazi yako aliyezuiliwa Harmondsworth, kituo cha mahabusu ya uhamiaji karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, London, naye bado anasubiri jibu la ombi lake la hifadhi ya ukimbizi. Mwandikie mambo madogo. Mvua ya Kampala iliyoziba barabara, bei ya matoke, nani kazaa, nani kagombana na nani kanisani. Niliwahi kumwandikia rafiki kurasa tatu za "vumilia, Mungu yupo", akanijibu kwamba alichosoma mara mbili ni mstari mmoja tu, wa mbuzi wa jirani aliyekula sare ya mwanangu. Tangu hapo mahubiri nimeacha.

Usimuulize kesi imefikia wapi wala kwa nini alikimbia. Hayo ameshahojiwa vya kutosha, na barua inaweza kufunguliwa. Usimwambie pia "utatoka karibuni". Kule sheria haiweki ukomo wa siku kwa watu wazima wengi, kwa hiyo hata yeye hajui, na ahadi yako itamuumiza.

Juu ya bahasha andika majina kama yalivyo kwenye karatasi zake, hata kama yamekosewa herufi, pamoja na namba ya faili lake. Huwa wanahamishwa vituo ghafla, hivyo weka anwani yako nyuma, sanduku la posta la kanisa linatosha, na uipige picha barua kabla ya kuituma. Yangu moja ilipotea, nikashindwa kukumbuka nilichoandika.

Asipojibu, andika tena. Na Kiswahili chenu cha Bunia, kule Kongo, kinatosha, usihangaike na Kiingereza.