Umenunua gitaa na hulipigi? Likague kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini kila hobi inakufia mikononi: ilikuwa kuchora, ikaja kukimbia, na sasa gitaa kavu ulilopiga wiki mbili limo ndani ya begi nyuma ya kabati. Wengi wamekujibu nidhamu. Nitazungumzia gitaa peke yake kwa kuwa ndilo unalo nyumbani, na kwa kuwa magitaa mengi ya bei ya chini yanatoka dukani yakiwa hayajarekebishwa. Mtu akiumia vidole nusu saa na bado akapata sauti ya bati, ataacha, awe na nidhamu kiasi gani.

Litoe leo, chukua rula ya shule. Nenda freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo) na upime nafasi kati ya chuma na tumbo la uzi mnene. Kwa nyuzi za chuma, milimita 2.5 hadi 3 inapigika vizuri. Ikifika 4, kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) itakutesa. Kisha bonyeza uzi kwenye freti ya 3, tazama freti ya 1: panatakiwa pabaki mwanya mwembamba kama karatasi. Mwanya ukiwa mkubwa, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya shingo kimeinuka mno, na kodi za freti ya kwanza zitakushinda bila kosa lako.

Fundi anaweza kupunguza mfupa wa darajani (kile kipande chembamba kinachobeba nyuzi juu ya daraja, pale kwenye tumbo la gitaa). Ukitaka kushusha milimita 1 kwenye freti ya 12, mfupa unapunguzwa 2, tena usagwe kwa chini kwenye msasa uliolala juu ya kitu bapa. Ukisagwa kwa juu unapoteza umbo lake na nyuzi zinaanza kulia vibaya. Huna fundi karibu? Weka nyuzi nyepesi, seti inayoanza na 010 (ni unene wa uzi mwembamba kuliko wote, kwa sehemu za elfu za inchi), shusha tuni (sauti) ya nyuzi zote nusu toni, halafu funga kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni) freti ya 1. Sauti inarudi palepale na vidole vinapumua. Ila gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni usilivalishe za chuma kamwe, daraja litang'oka.

Kutuni: pandisha noti kutoka chini kwenda juu, usiishushe. Nyuzi mpya zinalegea siku kadhaa, kwa hiyo tuni kila unapolishika. Uzi wa 1 (ule mwembamba kuliko wote) ukikatika mara kwa mara, huenda umeupitiliza ukaanza kuutafutia E ya juu zaidi, maana programu ya simu ya kutuni inaandika E tu, bila kusema ni ya chini au ya juu.

Sasa kodi. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanapakua picha ya kodi 24. Anza na tatu, C, G7 na F nyepesi (ile ya Fmaj7), kwa sababu moja nzuri sana: katika zote tatu kidole cha shahada kinabaki freti ya 1, cha kati freti ya 2, cha pete freti ya 3. Vinabadilisha uzi tu. Nyuzi tunazihesabu kuanzia ule mwembamba. C: shahada uzi wa 2, kati uzi wa 4, pete uzi wa 5. G7: shahada uzi wa 1, kati wa 5, pete wa 6. F: shahada wa 2, kati wa 3, pete wa 4. Kwa hizo tatu nyimbo nyingi sana za kanisani na za gitaa kavu zinaimbika.

Bonyeza nyuma tu ya chuma, karibu nacho, si katikati ya nafasi. Ukibonyeza katikati unatumia nguvu nyingi na uzi bado unakoroma. Piga uzi mmoja mmoja ujue ni upi haulii, halafu rekebisha kidole hicho peke yake. Kata kucha za mkono wa kushoto. Usipige vidole vikiwa vimetoka kuosha vyombo, ngozi imelainika. Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida na kwa kawaida hupungua baada ya wiki mbili hadi nne za kupiga kila siku. Maumivu ya kifundo cha mkono si ya kawaida, simama na ubadilishe mkao.

Mkono wa kulia, tumia gumba na shahada tu, kama wapigaji wa omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi ya Kenya, na kama Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba Kiswahili juu ya vidole hivyo viwili. Kwenye C: gumba uzi wa 5, shahada wa 2, gumba wa 4, shahada wa 3. G7: 6, 1, 4, 2. F: 4, 2, 3, 1. Polepole kabisa, mpigo mmoja kwa sekunde. Mtindo huu unasikika kama muziki mapema, na hilo ndilo litakalokurudisha kesho.

Muda: dakika 12, si saa nzima. Tatu za kutuni na kugusa kodi, tano za kubadilisha, nne za kupiga utakavyo. Kwenye zile tano, weka simu sekunde 60 uhesabu umetoka C kwenda G7 na kurudi mara ngapi kwa sauti safi, andika namba kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Video moja kwa wiki inatosha. Kutazama kunachosha hamu ileile inayotakiwa kupiga.

Begi liweke mbali. Gitaa litundikwe sebuleni, mahali pasipo jua. Hesabu vipindi 30, si siku 30, na ukiruka siku usilipe deni kwa kupiga mara mbili. Ukifikisha mabadiliko 30 kwa dakika, anza kuimba juu yake, kisha ongeza Am: kutoka C ni kidole cha pete tu kinachohama, kwenda uzi wa 3 freti ya 2.