Kwale wa Udzungwa hafukuzwi, anasubiriwa

Nianze na kosa langu maana najua wengi mtalirudia. Safari yangu ya kwanza msitu wa Ndundulu, huko milima ya Udzungwa, nilitembea kama nimetumwa dukani, koti la mvua linasuguana shwaa shwaa kila hatua, stori haziishi, siku 3 nzima kwale sikumwona hata unyoya, nikaambulia siafu tu kwenye soksi.

Huyu ndege ana aibu kweli. Anaishi juu milimani kwenye msitu wa mawingu, na duniani kote yuko sehemu 2 tu, Udzungwa na Rubeho, zote Tanzania. Halafu ndugu zake wa karibu sio hawa kwale wetu wa mashambani, wako misitu ya milimani huko Asia!

Hata wanasayansi walimjulia jikoni. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark wakiwa kambini huko Udzungwa walikula nyama ya ndege, ikabaki miguu kwenye sufuria, kuiangalia vizuri wakaona mbona hii hatuijui. 1994 akaandikwa rasmi, jenasi mpya kabisa, yaani kundi lake la ndege la peke yake, Xenoperdix. Wao wanaita kugundua, mi naona walichelewa msosi tu.

Safari ya pili mzee aliyetuongoza akaniambia, "Kijana, kaa chini, ndege ana miguu atakuja mwenyewe." Nikavua lile koti, nikaegemea gogo, simu nikazima. Kama saa nzima hivi kimya, makalio yameloa, nishaanza kukata tamaa, mara nasikia majani makavu yanapekuliwa, cha, cha, kama kuku wa jirani kaingia bustanini. Wako watatu. Wanachakura, wanadonoa wadudu, wanasogea kidogo. Mmoja akafika kama hatua 6 kutoka kwangu, uso rangi ya kutu, mdomo mwekundu, miguu ya njano, kifua cha kijivu kina madoa meusi. Nikainua darubini taratibu, kumbe sio taratibu ya kutosha, wakatimua mbio kwa miguu wote, hata kuruka hawakuruka.

Kwa hiyo ukienda, darubini ikae shingoni tayari na mikono iwe juu tangu mwanzo. Vaa nguo zisizopiga kelele, sweta la mtumba linashinda koti la bei mbaya. Sikiliza majani kuliko kuangalia. Na usimpigie sauti ya kurekodi kwenye simu ukimwita, ndege wenyewe wachache, wako hatarini, waache wale kwa amani. Kibali fuatilia mapema kabla hujapanda, usije ukarudishwa getini na mabegi yako.

Ukikuta mtego wa waya chini usiupite tu, mwonyeshe anayekuongoza. Sisi tulikuta mmoja, mzee akautegua, akaukunja, akautia mfukoni, tukaendelea kushuka.