Maswali ya Wasomaji: Orodha ya Kusubiri Mtoto wa Mbwa

SWALI: Ndugu Mhariri, zaidi ya mwaka mmoja uliopita niliandikisha jina langu kwa mzalishaji wa mbwa aina ya Labrador, nikalipa arbuni na kuelezwa kwamba mimi ni wa tatu. Nilimwomba anitafutie jike mtulivu, kwa kuwa naishi na mama yangu mzee anayetembea kwa mkongojo. Hatimaye walizaliwa watoto saba, nami nikaamini kwamba wangu hawezi kukosekana. Walipofikisha wiki 7, mzalishaji alinipigia simu kuniambia kwamba katika uzao huu hakuna anayenifaa, hivyo nisubiri ujao. Baadaye nikapata habari kwamba mtu aliyejiandikisha nyuma yangu amepewa. Je, sijadhulumiwa?
Msomaji aliyesubiri

JIBU: Ndugu msomaji, katika uamuzi wenyewe sioni dhuluma, ila namna ulivyoarifiwa ina kasoro.

Namba uliyopewa huonyesha ni nani atakayefikiriwa kwanza, wala haikuwekei mtoto fulani kabla hajazaliwa. Hebu tuwahesabu watoto hao saba kama mzalishaji anavyowahesabu. Wazalishaji wengi makini hupandisha jike kwa sababu wao wenyewe wanataka kubakiza mtoto mmoja wa kuendeleza ukoo, na huyo ndiye huondolewa kwanza kwenye hesabu. Mwenye dume naye huenda walikubaliana achukue mtoto mmoja badala ya kulipwa fedha ya upandishaji. Hapo saba wameshakuwa watano. Ukiwagawa kwa jinsia, pengine majike waliosalia ni wawili au watatu, na waliokutangulia wote wawili nao waliomba jike. Hata kama alibaki jike mmoja, inawezekana kabisa kwamba ndiye mtundu kuliko wote, yule anayerukia kila kiatu kinachopita mbele yake. Mtoto wa namna hiyo, akifikisha mwaka mmoja na uzito wa kilo 25 au zaidi, anaweza kumwangusha mama yako kwa furaha tu ya kumwona ameingia sebuleni. Yule aliyekuwa nyuma yako pengine aliomba dume mwenye nguvu wa kukimbia naye kila asubuhi, na kama ndivyo, hamkuwa mkishindania mbwa mmoja hata kidogo.

Utauliza kwa nini basi hukuambiwa mapema. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii, na macho yake hufunguka akiwa na umri wa siku 10 hadi 14 hivi, kwa hiyo katika majuma ya mwanzo hakuna cha kumtofautisha na ndugu zake isipokuwa jinsia, uzito na rangi. Tabia huanza kujitokeza karibu na wiki ya 3, pale wanapoanza kucheza, kung'atana na kuchunguza kilichopo nje ya tandiko lao. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi kwa miaka mingi katika Maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965, walionyesha kwamba kipindi cha tangu wiki ya 3 hadi ya 12 hivi ndicho ambacho mbwa huwazoea watu kwa urahisi zaidi. Mzalishaji anayejali hukitumia kipindi hicho kuwazoesha watoto wake sauti, mikono ya wageni na sakafu za kila namna, huku akiwatazama mmoja mmoja: nani akishtushwa hurudi upesi kuchunguza, nani hubaki amejikunyata pembeni, nani humfuata mtu kila aendako. Ndiyo maana wengi hawatamki nani atachukua nani mpaka wiki ya 7, na hawamtoi mtoto kwa mama yake kabla ya wiki 8.

Wapo wanaotegemea jaribio la siku ya 49, ambapo mtu asiyefahamika na watoto humchukua kila mmoja peke yake, akamwita, akamlaza chali na kumshtua kidogo kwa sauti ili aone atakavyofanya. Silidharau jaribio hilo, lakini matokeo ya siku moja si kigezo imara cha kubashiri mbwa atakuwaje akishakomaa. Ningemwamini zaidi mtu aliyewalisha na kuwasafishia watoto hao kila siku kwa wiki zote 7.

Sasa kuhusu kasoro. Mzalishaji alipaswa kukueleza siku ya kwanza, tena kwa maandishi, kwamba yeye ndiye mwenye kuchagua na kwamba namba yako inaweza kurukwa iwapo hatapatikana mbwa unayemhitaji. Alipaswa pia kukuarifu mara tu baada ya uzazi kwamba majike ni wangapi na wangapi wameshawekewa watu, badala ya kukuacha ujenge matumaini kwa wiki saba. Mpigie simu umuulize kwa upole ni nini alichokiona kwa watoto waliobaki, kama jina lako litatangulia katika uzao ujao, na kama arbuni itahamishiwa huko au itarudishwa usipotaka kusubiri. Uliza pia uzao huo unatarajiwa lini, kwa sababu jike wa aina nyingi hupata joto, yaani huwa tayari kupandishwa, mara moja kila baada ya miezi 6 hivi, wa aina ya Basenji kwa kawaida mara moja tu kwa mwaka, na mzalishaji mzuri humpumzisha mama kabla ya kumpandisha tena. Akijibu kwa utulivu na kwa maelezo ya wazi, mimi ningesubiri. Akikasirika kwa kuulizwa, dai fedha yako.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeanza kuzalisha mbwa na nina majike wawili. Katika daftari langu kuna majina zaidi ya 20, lakini jike wa kwanza alipozaa watoto wanne, wengi niliowapigia simu walikuwa wameshapata mbwa kwingine, na mmoja alinieleza kwamba anataka mweupe tu. Nitaipangaje orodha hii, na nitaitambuaje nyumba iliyo njema?
Mzalishaji mgeni

JIBU: Majina yako 20 huenda ni watu sita au saba wenye nia ya kweli, kwa kuwa anayetafuta mbwa hujiandikisha kwa wazalishaji kadhaa kwa wakati mmoja, kisha humchukua anayepatikana kwanza na kusahau kuwaarifu wengine. Tenganisha basi waulizaji na wale mliokwisha kuzungumza kwa kirefu na kuridhiana. Waandikie wote kila baada ya miezi michache ukiwauliza kama bado wanahitaji. Asiyejibu baada ya kukumbushwa, mwondoe na umjulishe kwamba umemwondoa. Usiisahau hiyo taarifa ya mwisho, kwa sababu watu husamehe kukosa mbwa kwa wepesi zaidi kuliko wanavyosamehe kunyamaziwa.

Usiahidi idadi yoyote mapema. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Kipimo cha mawimbi ya sauti kinaweza kuithibitisha kuanzia karibu na siku ya 25 hadi 30, lakini hakitegemewi katika kuhesabu, na hesabu iliyo karibu na ukweli hupatikana kwa eksirei baada ya siku ya 55, mifupa ya watoto inapokuwa imekomaa vya kutosha kuonekana. Mbwa wa maumbo madogo wanaweza kuzaa mmoja hadi wanne, na wakubwa wanane au zaidi. Hata baada ya kuzaliwa, wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari zaidi, na mtoto aliyeonekana mzima jioni anaweza kukutwa amekufa alfajiri. Kwa sababu hiyo naona si sawa kupokea arbuni kabla watoto hawajazaliwa na kuvuka siku hizo, ijapokuwa wengi hupokea mapema zaidi.

Kuhusu nyumba, usitume fomu ya kuwekea alama za ndiyo na hapana, kwa maana kila mtu anajua jibu linalotakiwa. Mwombe mtu aeleze kwa maneno yake siku yake ya kawaida ilivyo tangu anapoamka: nani hubaki nyumbani mchana, mbwa atalala wapi, nani atamtunza familia ikisafiri. Muulize mbwa wake wa mwisho aliishia wapi. Swali hilo moja hufichua mengi, kwani aliyewahi kumuuguza mbwa mzee mpaka mwisho huzungumza tofauti kabisa na yule ambaye mbwa wake watatu "walipotea". Kama anaye daktari wa mifugo, omba ruhusa ya kuzungumza naye. Sikiliza pia anachokuuliza wewe: anayetaka kujua afya ya nyonga na macho ya wazazi amejiandaa, anayeuliza rangi na bei tu, bado.

Hapo hapo nikutahadharishe na tabia ya baadhi ya wazalishaji ya kuwahoji watu kana kwamba ni washukiwa, na kumkataa mpangaji wa chumba cha ghorofani kwa sababu tu hana uwanja. Mbwa wengi wanaoachwa uwanjani hawapati mazoezi wala mazungumzo, ilhali mpangaji anayelazimika kumtembeza mara tatu kwa siku huwa karibu naye zaidi. Ukimfukuza mtu mwema kwa kiburi, atakwenda kununua kwa mtu asiyeuliza chochote.

Katika mkataba, kifungu ambacho nisingekubali kikosekane ni kile kinachomtaka mnunuzi akurudishie wewe mbwa iwapo atashindwa kumtunza, awe na umri wowote. Maana yake, kabla ya kupandisha tena, uwe na nafasi ya kumpokea anayerudi.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimefika zamu yangu na nimeomba watoto wawili wa uzao mmoja ili wasiwe wapweke, lakini mzalishaji amekataa kata kata. Je, ni kwa sababu anataka kuwaridhisha wateja wengi?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Sidhani. Ndugu wawili wakilelewa pamoja mara nyingi hushikamana wao kwa wao, wakawa wagumu kufundishwa na wenye wasiwasi mwingi wanapotenganishwa hata kwa saa moja, na majike wawili wakikomaa wanaweza kupigana vibaya. Wapo wanaofanikiwa, lakini huwafundisha, huwatembeza na kuwalaza kila mmoja peke yake, kazi ambayo ni maradufu kwa miezi mingi. Mchukue mmoja sasa, kisha mwombe mzalishaji aliache jina lako kwenye orodha kwa ajili ya wa pili, wa kwanza atakapokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu au miwili na ameshajua kutii.