Re: Nimesahau kucheka, nyumbani watoto wananiogopa

Pole sana ndugu yangu. Umesema unatoka kazini bandarini saa mbili usiku, foleni ya feri imekumaliza, ukifika ni kufoka tu na mke amekwambia hujacheka tangu Ramadhani. Nimekuelewa maana mimi pia nilikuwa hivyo hivyo, mtoto akisikia mlango anazima tivii anajifanya amelala, wallahi iliniuma.

Kilichonisaidia si kikubwa. Jumapili jioni nawapeleka watu wa nyumbani Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, tunakula mihogo ya kukaanga ile ya ndimu na pilipili, madafu, tunaangalia meli zikiingia, na simu naiwacha nyumbani (hii ndo ngumu kuliko zote). Mara ya kwanza tulikaa kimya kama tuko matangani, ya tatu yule mdogo akaanza kuniigiza ninavyofoka, nikacheka mpaka machozi. Mwili ukicheka unalegea, misuli yote inaachia, usiku nililala vizuri ajabu.

Pia rudi barazani. Kahawa chungu, kashata, na wale wazee wa kutaniana, nusu saa tu yatosha. Lakini chunga, utani wa kumdhalilisha mkeo mbele za watu usiujaribu.

Sasa, kama hata vitu ulivyokuwa ukivipenda havikupi raha, hulali, huli, na imepita wiki mbili, hapo si uchovu tena, nenda hospitali uongee na mshauri. Na ukipata mawazo ya kujidhuru usingoje kesho, mwambie mtu leo leo.