Kabla Hujagusa Tovuti ya Mteja: Kwa Wanaoanza Kazi Hii Kisumu

Mara kwa mara hunijia kijana aliyemaliza chuo juzi, anataka nimfundishe kupandisha tovuti juu kwenye matokeo ya Google. Huja na maswali ya mbinu: viungo vingapi, yaani maneno ya kubofya kwenye tovuti za wengine yanayoleta watu kwako, na ukurasa uwe na maneno mangapi. Hayo yana wakati wake. Kwanza jua kwamba kuna simu ambayo lazima utapigiwa, pengine kabla hujamaliza chai ya asubuhi. Mteja atakuambia, "Tovuti yangu haionekani tena. Umefanya nini?"

Mara nyingi utakuwa hujafanya lolote. Google hurekebisha namna inavyopanga kurasa karibu kila siku bila kumwambia mtu, na mara chache kwa mwaka hutangaza mabadiliko makubwa. Hayo makubwa hayaingii kwa siku moja. Yale ya Machi 2024 yalianza tarehe 5 na kuchukua siku 45 kukamilika. Katika muda kama huo tovuti inaweza kushuka Jumatatu, ikapanda Alhamisi, kisha ikashuka tena. Ukikimbilia kubadilisha vichwa vya kurasa, kufuta makala na kuhamisha menyu, mwishowe hutaweza kutofautisha kilicholetwa na Google na ulichokiharibu wewe. Mwambie mteja ukweli huo, mpe tarehe ya kumrudia na ripoti, kisha uitimize tarehe hiyo. Kunyamaza ndiko kunakopoteza wateja wengi katika kazi hii.

Ukishatulia, fungua Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyofanya kwenye matokeo. Angalia vitu viwili pamoja: mara ambazo kurasa zilionekana kwenye matokeo, na mibofyo, yaani mara ambazo watu walizibofya wakaingia. Kurasa zikiwa zinaonekana kidogo kuliko zamani na nafasi zimeshuka, basi umepitwa na wengine. Zikiwa bado zinaonekana vilevile, nafasi haijasogea, lakini mibofyo imepungua, basi mtu anapata jibu palepale kwenye Google na haoni sababu ya kuingia kwako. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake hazifanani, ila wageni wa kazi hii huyatibu kwa dawa moja. Tena linganisha na majuma yaleyale ya mwaka uliopita. Hoteli ya Kisumu hutafutwa sana Desemba na watu wanaokuja nyumbani. Ukilinganisha Januari na Desemba utamshtua mwenye hoteli bure. Search Console huweka takwimu za miezi 16 tu, kwa hivyo pakua nakala kila mwezi.

Nasema haya kwa sababu niliwahi kumuumiza mtu. Mwishoni mwa 2011 nilikuwa nikimhudumia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa Dunga, kando ya ziwa. Nilimnunulia viungo kwa mamia, kutoka tovuti za nje ambazo hazikuwa na habari yoyote na ziwa wala samaki. Alipanda upesi, akafurahi, nami nikajiona fundi. Tarehe 24 Aprili 2012 Google ilizindua mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yaliyolenga viungo vya namna hiyo hasa. Baada ya siku chache akanipigia: "Mwanangu, wageni wameacha kupiga simu." Waswahili husema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, akala yeye, na wafanyakazi wawili aliowasimamisha.

Nilikaa miezi nikiwaandikia wenye tovuti hizo waondoe viungo. Wachache walijibu, wengine wakadai pesa. Oktoba mwaka huo Google ilileta zana ya kukana viungo, yaani kuiomba isivihesabu, nikaitumia. Lakini wakati ule Penguin ilikuwa ikipitishwa kwa vipindi tu, kwa hivyo hata baada ya kusafisha ulilazimika kungoja ipite tena. Ni 2016 ndipo ilipoanza kufanya kazi muda wote. Yule mama alikuwa ameshapoteza msimu mzima. Akija mtu kukuuzia kifurushi cha viungo, na atakuja, mkumbuke mama huyo.

Mabadiliko mengine yalinisaidia. Tarehe 21 Aprili 2015 Google ilianza kuzipendelea, kwa wanaotafuta kwa simu, kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu. Huku kwetu wateja wengi wako kwenye simu, kwa hivyo ilikuwa haki.

Sasa kuna hili la akili unde (AI), ambalo nadhani litawasumbua nyinyi kuliko Penguin ilivyonisumbua mimi. Tangu Mei 2024, kwanza Marekani kisha nchi nyingine nyingi, Google huweka juu ya matokeo muhtasari ulioandikwa na akili unde. Nina mteja mwenye duka la pembejeo Nakuru. Tulikuwa tumemwandikia makala nyingi za kueleza magonjwa na wadudu wa mahindi, na zilileta watu. Sasa mkulima wa Njoro akiuliza viwavijeshi vamizi ni nini, anasoma jibu bila kubofya popote. Kurasa zetu zinaonekana kama zamani, mibofyo imeshuka. Ni ule ugonjwa wa pili.

Hatukuongeza makala. Tulijiuliza ni kitu gani mkulima huyo hawezi kupewa na muhtasari: dawa ipo dukani leo au haipo, chupa ndogo ni bei gani, inatosha pampu ngapi, na duka liko wapi ukishuka matatu. Tukaweka ukurasa wa bei unaobadilishwa kila Jumatatu, picha za rafu zenyewe, nambari ya WhatsApp, na tukasahihisha saa za kufungua kwenye ramani ya Google. Wanaoingia ni wachache kuliko zamani, lakini wanaopiga simu wanauliza kununua. Kwa hivyo ripoti yangu kwake siku hizi huanza na simu na jumbe, wageni wa tovuti wanafuata chini.

Kwenye mkataba, usiahidi nafasi ya kwanza. Google yenyewe huwaonya wenye tovuti kwamba hakuna anayeweza kuihakikisha. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mteja, na Search Console iwe kwenye akaunti yake, wewe uwe mgeni. Nimeona mfanyabiashara wa Kakamega akikosa tovuti yake mwenyewe kwa sababu aliyemtengenezea alihama na nywila zote.

Na kabla ya kufungua kompyuta, nenda ukae kwa mteja siku nzima, karibu na anayepokea simu. Mpe daftari aandike kila swali kwa maneno yaleyale ya mpigaji. Tulipofanya hivyo kwa hoteli moja ya Milimani, tovuti ilikuwa imejaa "malazi ya kifahari". Daftari lilijaa maswali ya kama kuna maegesho ya basi la shule, kama maji ya moto yapo usiku, na kama samaki aina ya ngege anapikwa hapo au ni lazima waende ufukweni. Maswali hayo ndiyo yaliyokuwa vichwa vya kurasa tulizoandika juma lililofuata.