Maambukizi na ugonjwa wa MS: majibu kwa wasomaji

*Daktari, shikamoo. Dada yangu amegundulika kuwa na multipo sklerosisi, yaani MS, na nimesikia kwamba chanzo chake ni kirusi. Je, ni kweli?*

Marahaba. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia ala inayofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, mithili ya waya uliobanduka plastiki yake. Kirusi kinachoshukiwa kuliko vingine ni Epstein-Barr, ambacho kiligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa saratani uliotoka kwa mgonjwa wa Uganda. Ushahidi mzito ulitolewa mwaka 2022 na watafiti wa Harvard, waliochunguza damu za wanajeshi wa Marekani zilizohifadhiwa baada ya vipimo vya kawaida vya VVU. Kati ya wagonjwa 801 wa MS, 35 hawakuwa na kirusi hicho katika sampuli zao za kwanza, na 34 kati ya hao walikipata kabla ugonjwa haujajitokeza. Hatari ya kuugua iliongezeka mara 32 baada ya maambukizi, ilhali saitomegalo, kirusi kingine kinachoenea kwa mate, hakikuonyesha ongezeko kama hilo. Kwa maoni yangu, ulinganisho huo wa mwisho ndio unaoshawishi zaidi, kwa sababu unaondoa shaka kwamba maambukizi yoyote yale yangeleta matokeo hayo.

*Ikiwa karibu kila mtu ana kirusi hicho, mbona wanaougua ni wachache?*

Ni kweli kwamba takribani asilimia 95 ya watu wazima wanacho. Kirusi ni sharti mojawapo tu. Huungana na urithi wa jeni, uvutaji wa sigara na upungufu wa vitamini D. Umri wa kuambukizwa nao una uzito wake. Kwetu watoto wengi hukipata wangali wadogo, pengine kwa kijiko cha uji ambacho mama ameuonjea, wala hakuna anayetambua. Lakini anayekipata akiwa kijana na kuugua homa ya tezi inayoletwa na kirusi hicho hukabiliwa na hatari kubwa zaidi ya MS.

*Je, nimtengee mgonjwa wangu kikombe na sahani?*

Hapana. MS haiambukizi, na kumtengea vyombo ni kumuumiza bure. Mle pamoja.

*Mimi ni mgonjwa wa MS. Kila nipatapo maambukizi ya njia ya mkojo miguu hulegea, hata ndoo nusu hainyanyuki. Je, ugonjwa umerudi?*

Pole sana, dada. Mara nyingi huwa si shambulio jipya. Joto la mwili linapopanda, neva iliyokwisha kupoteza ala yake hushindwa kupitisha ujumbe, na dalili za zamani huibuka upya hadi homa itakaposhuka. Shambulio halisi hudumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi. Kwa hiyo omba upimwe mkojo kabla ya kukubali kupewa dawa za steroidi za kutuliza shambulio, ambazo hushusha kinga na zinaweza kuyazidisha maambukizi yenyewe. Udhaifu ukibaki baada ya homa kuisha, rudi kwa daktari wa neva bila kuchelewa, kwa kuwa maambukizi huweza pia kuchochea shambulio la kweli. Na iwapo utaanzishiwa dawa za kudhibiti kinga, uliza kwanza kuhusu vipimo vya homa ya ini aina ya B na kifua kikuu.